Mkate wa Citlali

Katika basi dogo la kwenda Mitla, siku ambayo watu wa huko huamini wafu wao hurudi kuwatembelea, Eufrasia alikuwa amepakata mkate na fungu la maua ya manjano, akienda kwenye kaburi la bintiye Citlali, aliyefariki mwezi wa Machi. Mwanamke aliyeketi kando yake alimtazama kwa huruma, ile huruma isiyoombwa na mtu.

"Dada, mnaabudu mauti," akasema. "Hayo ni mambo ya shetani."

"Shetani hakualikwa. Namwandalia mwanangu."

"Lakini wafu hawali, mama!"

"Hata alipokuwa hai alinisumbua kula. Nilimbembeleza kijiko kwa kijiko, wala sikuacha kumpikia. Leo niache kwa nini?"

Dereva alipunguza redio, eti asikie breki vizuri.

"Basi mngelia kama watu wengine. Nyinyi mnapiga muziki na kucheka makaburini!"

"Nimelia tangu Machi. Leo ndiyo siku yake ya kurudi. Nimpokee na uso wa matanga?" Eufrasia akaukumbatia mkate.

Basi likasimama penye lango la makaburi.

"Nitakuombea," yule mwanamke alisema, asijongee hata kidogo.

"Niombee, dada. Lakini kwanza nipishe, mwanangu ananingoja."