Kadi Nyeusi ya Nyakerario

Kwenye foleni ya benki mjini Kisii, Nyakerario, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, alimweleza mama aliyesimama nyuma yake kwamba amekuja kuomba kadi ya mkopo, ya kwanza maishani mwake. Alitaka ajulikane kuwa mlipaji mzuri, ili akimaliza masomo akopeshwe pesa za kufungua duka la dawa.

"Kwa hivyo unakopa ndio uweze kukopa?" mama aliuliza.

Nyakerario alicheka. Kichwani mwake jambo hilo lilikuwa limesikika la busara zaidi. "Ndiyo, mama. Kadi ziko mbili. Moja haina ada, lakini unakopa kidogo tu. Nyingine ina ada kila mwaka, lakini inakupa pointi za kulipia nauli ya ndege."

"Na wewe husafiri kwenda wapi?"

"Keroka tu, kwa matatu," alijibu, uso ukimwaka kwa aibu. Ukweli ni kwamba aliipenda ile ya pili kwa sababu ni nyeusi na inang'aa, na tayari alikuwa amejiona akiitoa polepole dukani mbele ya wenzake.

"Njoo kwa chama chetu cha kukopeshana huko Nyacheki. Ukilipa vizuri tunakujua, hatuulizi kadi."

"Mtanijua nyinyi, mama. Benki haiketi kwa chama chenu."

Mhudumu aliita anayefuata. Nyakerario alisogea dirishani akiwa bado hajaamua, akamsikia yule mama akimnong'onezea askari wa foleni, "Hiyo kadi, mkulima wa majani chai kama mimi pia anapewa?"