Volkmar Ruoff na Picha Iliyoganda

Mchungaji Ellwanger, wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi wa kazini mliojibanza viti vya nyuma ingawa vya mbele vipo, mimi ni Annerose Ruoff, dada mkubwa wa marehemu, na kwa kuwa kanisani kwetu maisha ya mtu husomwa na mtu wa nyumbani kwake kabla hajafukiwa, leo Ijumaa, tarehe 22 Septemba 2023, nimesimama kuyasoma ya mdogo wangu. Humu ndani limo jambo langu mimi, ambalo jana nilimwomba wifi yangu Siglinde aniruhusu niliruke, naye akanijibu huku akikunja nguo za mumewe, "Ukiruka hata mstari mmoja, wifi, nitasimama nikusomee mimi." Kwa hiyo nitasoma yote.

Volkmar alizaliwa hapa Nürtingen tarehe 9 Februari 1966, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Gebhard Ruoff, fundi redio, na mama Hannelore, mshona nguo, na mimi niliyemtangulia kwa miaka minne nililia siku nzima kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa msichana. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari ya juu mwaka 1985, akatumikia taifa kwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kisha tangu 1987 hadi 1993 akasomea uhandisi wa umeme mjini Stuttgart, akirudi kila Ijumaa na mfuko wa nguo chafu ambao mama aliupokea kwa furaha nisiyoielewa mpaka leo.

Tarehe 1 Aprili 1993 aliajiriwa katika kampuni yetu, mimi nikiwa tayari nina miaka kumi na mitatu humo, upande wa ukaguzi wa ubora, yeye akapangwa upande wa redio za magari, ambazo baadaye zilimeza ramani, simu, muziki na kamera ya nyuma, zikawa skrini moja pana katikati ya dashibodi. Mwaka 2009 kampuni kadhaa zilichoka kila moja kuandika peke yake programu ile ile, zikakubaliana kuandika pamoja programu huria, yaani ile ambayo maandishi yake yako wazi, na yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyatumia na kuyasahihisha, na Volkmar akaipenda kazi hiyo kama mtu aliyepata dini. Baba, ambaye alikuwa hai bado na aliyeweka misumari iliyopinda ili ainyooshe, hakuelewa kabisa, akamuuliza mezani mbele ya sahani ya dengu, "Yaani unawapa bure? Hata washindani wenu?" Volkmar akajibu, "Hao ndio wa kwanza, baba, maana ndio wanaoyaona makosa yangu." Baba akamgeukia mama akasema, "Huyu tulibadilishiwa hospitalini." Lakini Volkmar alipanda mpaka akawa mlinzi wa sehemu yote ya kamera ya nyuma, na hakuna mstari ulioingia humo, kutoka Yokohama wala Göteborg, bila yeye kuusoma na kuuwekea jina lake.

Alifunga ndoa na Siglinde Bauknecht tarehe 12 Juni 1998, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Ricarda, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2001, ambaye sasa anasoma Leipzig na ambaye kwa ubishi hakuokotwa.

Sasa nafika mwezi Machi 2014. Tulikuwa na wateja wakubwa chumba cha majaribio, waya wa kamera ukalegea, na skrini ikawa nyeusi kwa nusu sekunde, wateja wakatazamana, nami, niliyekuwa mkuu wa ukaguzi na ambaye bila sahihi yangu hakuna programu iliyoingia kwenye gari, nikamwambia mdogo wangu mbele ya watu wote, "Volkmar, weusi huo ni aibu, sitaki kuuona tena." Akasema, "Weusi unasema kweli, dada. Unasema kamera haioni." Nikamjibu, "Basi ukaseme kweli yake huko kwenu, siyo mezani kwangu." Sisi watu wa huku usafi umetuingia mpaka kwenye mifupa, doa kwenye kioo hutunyima usingizi kuliko dhambi, na kesho yake akaniletea mistari kumi na moja iliyosema kwamba kamera ikinyamaza, skrini ibaki na picha ya mwisho iliyopokelewa. Ilikuwa safi, haikupepesa hata kidogo, nikaitia sahihi, na kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi, kampuni nyingine nazo zikaichukua mistari ile, zikaisifu, ikasambaa kwenye magari ambayo hakuna anayejua idadi yake.

Mwezi Novemba 2021 madaktari walimkuta na ugonjwa wa neva unaonyong'onyeza misuli, ukaanza na vidole, ukapanda mikononi, ukashuka miguuni, na kufikia Krismasi ya mwaka uliofuata alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akili yake ikiwa kali vile vile na ulimi wake mkali zaidi.

Jumamosi tarehe 6 Mei mwaka huu ilikuwa zamu ya Siglinde kufagia ua, kile kibao cha zamu ambacho majirani hupokezana kila wiki kikiwa kimening'inia mlangoni kwao, na jirani yao, Bwana Nurettin Aksoy, ambaye yuko hapa nasi, akasogeza gari lake mbele ili ufagio upite, akabaki ndani injini ikiunguruma. Siglinde alipomaliza aliingia jikoni, na Volkmar akajisukuma hadi pale pale pakavu palipofagiliwa ili aote jua. Nurettin akatia rivasi, akatazama skrini, akarudi nyuma. Volkmar alipiga ukelele kwa sauti ndogo aliyobaki nayo, gari likasimama likiwa limeshakunja kibao cha kukanyagia cha kiti chake, na Nurettin akatoka mbio, anasema, "Ndugu yangu, wallahi sikukuona! Nimemwona Siglinde na ufagio kule getini, ua mweupe kabisa!" Volkmar hakumlaumu, alimuuliza tu, "Siglinde yuko wapi sasa?" Nurettin akageuka, akasikia vyombo jikoni. Akamsukuma Volkmar mpaka dirishani pa gari, na kwenye skrini wifi yangu alikuwa bado amesimama getini na ufagio wake, dakika kumi baada ya kuingia ndani. Lilikuwa gari la kampuni nyingine kabisa, lakini Volkmar aliitambua mistari yake kumi na moja.

Marekebisho aliyamaliza kwa siku tatu, akimtamkia Ricarda neno kwa neno, naye akiandika, kamera ikinyamaza skrini iwe nyeusi na ipige kelele. Kilichokuwa kigumu ni kutangaza, kwa sababu kasoro ya hatari kwenye programu huria ina utaratibu wake, wenye viwanda wanaojulikana huambiwa kwanza kwa siri, hupewa siku tisini watengeneze magari yao, kisha kasoro na dawa yake huchapishwa wazi kwa ajili ya wale wasiojulikana, mafundi wa karakana ndogo wanaofunga skrini za mitumba, ambao hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Barua za siri zilitoka tarehe 16 Juni, kwa hiyo siku ya tisini ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Septemba, na katika tangazo alilotayarisha aliandika kwamba kosa ni lake peke yake. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeukataa weusi, akasema, "Umebakiza miezi mitano ustaafu. Mimi wananifanya nini, watanikata miguu?" Akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, sikubishana naye sana.

Wenye viwanda wengine walitengeneza. Kampuni yetu ilikuwa nyuma, na ilikuwa na gari la mteja linalozinduliwa Oktoba, na mwezi Agosti mkurugenzi wetu, Daktari Kächele, aliniita akafunga mlango, akasema, "Bibi Ruoff, wewe ni dada yake. Angoje Januari tu. Na kumbuka sahihi iliyopo kwenye zile karatasi za mwaka 2014 ni ya nani." Daktari Kächele, umekaa safu ya tatu kutoka nyuma, nakuona, na sijaongeza neno lako hata moja.

Nilikwenda kwa mdogo wangu nikamwambia, "Januari tu, Volkmar."

"Januari mimi nitakuwa wapi, dada?"

Nikamnyooshea blanketi magotini.

"Na wanaopiga rivasi leo, nao wangoje Januari?"

"Kuna watu mia mbili wanaokula kwa gari hilo."

"Wasile kwa picha ya uongo. Halafu usinijie na maneno ya Kächele, yananuka kahawa ya mashine. Njoo na yako."

Sikuwa na yangu, nilikuwa na hofu tu. Na Jumatano tarehe 13 Septemba, mikono yake ikiwa haisogei na Ricarda akiwa bado Leipzig hadi kesho yake jioni, alinikabidhi mimi kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, ambacho bila hicho hakuna anayeweza kuchapisha kwa jina lake, akaniambia, "Kesho saa nne asubuhi. Unabonyeza mara moja, basi, usianze kunisahihishia lugha." Hakunilisha yamini, aliniamini tu.

Alhamisi saa nne nilikuwa jikoni kwangu, kompyuta imewashwa, kifunguo kimechomekwa, tangazo liko mbele yangu, na sikubonyeza. Nilifuta meza. Nilijiambia saa tano, nikajiambia saa sita, nikafikiria pensheni, sahihi yangu, uso wa Kächele, na watu wa mji huu wanaonijua kwa miaka arobaini kama mwanamke asiyepitisha kosa. Saa nane mchana niliifunga kompyuta nikaenda kwa mdogo wangu, naye akaniuliza kwa macho kabla ya mdomo, "Imekwenda?"

Nikasema, "Imekwenda."

Akafumba macho, uso wake ukalegea kama sijawahi kuuona tangu augue, akasema, "Basi niletee mchuzi wa maultaschen, vile vifurushi vyetu vya unga na nyama, hata wa kulamba." Siglinde akamlowesha midomo kwa kijiko, na mimi nikasimama pale nikipokea shukrani ya mtu niliyemdanganya. Ijumaa nilikwenda tena, sikumwambia. Jumamosi nilikwenda tena, sikumwambia. Jumapili tarehe 17 Septemba, saa nane na dakika ishirini mchana, Volkmar alifariki nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkewe akimshika mkono, bintiye akimshika miguu, na mimi nikiwa mlangoni, maana sikuthubutu kusogea.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilibonyeza. Pale alipoandika kosa ni lake peke yake nilifuta maneno hayo mawili ya mwisho, nikaongeza kwamba aliyeidai mistari hiyo, akaipitisha na kuchelewesha tangazo hili kwa siku nne ni Annerose Ruoff. Saa tatu Kächele alinipigia, "Umefanya nini wewe?" Nikamwambia, "Nilichopaswa kufanya Alhamisi." Kazi sina tena, na hilo silisomi ili nihurumiwe.

Nalisoma kwa sababu Jumanne uliingia ujumbe kutoka karakana moja ya Ureno. Walikuwa wamemfungia mteja skrini ya mitumba, gari likakaa kwao tangu Jumatano, wakalikabidhi Ijumaa tarehe 15 mchana, na jioni yake mteja aliingia uani kwake, akatia rivasi, akaona ua mtupu, akamgonga mama yake mzazi, Bibi Deolinda, mwenye miaka themanini na mmoja, akamvunja nyonga. Fundi hakunitukana. Aliandika hivi: "Sisi husoma matangazo yote siku yanapotoka. Hili tungelisoma Alhamisi, na gari tulikuwa nalo." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi niliyoyaficha mimi yameangukia nyonga ya mtu mwingine. Jumatatu nasafiri kwenda kumwona, akikubali kuniona.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa karibu miaka miwili, Mchungaji Ellwanger, Bwana Aksoy aliyembeba ngazini kila alipotakiwa na ambaye hana lawama yoyote, na wale wenzake kumi na wanne kutoka nchi tisa, wengi hawakuwahi kumwona uso, ambao Jumatatu ile hata saa mbili hazijapita walikuwa wameyasoma marekebisho yake, wameyajaribu na kuyawekea majina yao. Baada ya maziko mnakaribishwa ukumbini kwa kahawa na mkate mtamu wa kusuka.

Volkmar, mdogo wangu, uliniuliza kama imekwenda. Imekwenda, ila haikwenda ulipouliza. Pumzika wewe kwa amani, hiyo ni haki yako uliyoifanyia kazi, mimi yangu sijaipata na sikuombi unisaidie kuitafuta.