Mgao wa Kaa wa Kapteni Torleif Nesvik

Marehemu Kapteni Torleif Nesvik alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 mjini Petersburg, Alaska, mtoto wa pili wa mvuvi Arne Nesvik na mkewe Gudrun. Alisoma hapo hapo hadi darasa la kumi, akaacha shule kwa hiari yake, jambo ambalo mama yake alikufa hajalizoea.

Mwaka 1971 alihamia Kodiak, akawa baharia, kisha akanunua meli yake ya kuvua kaa. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Bernadine Shuravloff katika kanisa hili, wakajaliwa binti, Signe. Siku ya harusi alitoka moja kwa moja kwenye injini hadi madhabahuni, ananuka dizeli. Bernadine akasema, watu wote wanasikia, "Angalau najua naolewa na nini."

Enzi hizo kiwango cha kaa wa kuvuliwa kiliwekwa kwa meli zote kwa pamoja. Kikitimia, msimu umefungwa. Hivyo kila meli ilitoka mbio, iwe dhoruba, isiwe dhoruba, maana aliyebaki bandarini aliwaachia wenzake kaa wote. Januari 1993, katika Bahari ya Bering, barafu iliilemea meli ya marehemu mpaka ikaanza kulala ubavu. Baharia wake wa miaka mingi, Afonie Pestrikoff, aliwaongoza wenzake kuivunja barafu hiyo kwa nyundo. Walirudi wote.

Tangu hapo marehemu alipigania kila meli iwe na mgao wake, mtu achague siku ya kutoka. Alimwomba Afonie azungumze katika mkutano wa wavuvi. Afonie akawaeleza ile barafu. Mwaka 2005 migao ilitolewa. Wenye meli walipata. Mabaharia wa sitahani wakatoka mikono mitupu. Marehemu aliona kukodisha mgao wake kwa meli nyingine kunalipa kuliko kuvua mwenyewe, akaiegesha meli. Afonie alimfuata jikoni kwake.

"Kwa hiyo bahari imekuwa salama, Kapteni, kwa sababu sisi hatumo?"

Kuanzia hapo marehemu alikwenda dukani alfajiri, wasije wakakutana. Nyumba mpya aliyoijenga kwa pesa za mgao, tuliyoisifu sote, yeye hakupenda isifiwe.

Septemba 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Akamwita Afonie, naye akaja na mkate wa samaki aliouoka mkewe.

"Nilikutumia kwa faida yangu, Afonie. Chukua mgao wangu."

"Nikaufanyie nini, Torleif? Mgongo umekwisha. Niliuhitaji wakati ule."

Afonie alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake.

"Basi niambie nifanye nini."

"Kula. Unapoa."

Alikula kidogo, machozi yakimtoka, na Afonie akitazama dirishani. Neno msamaha halikutamkwa na yeyote.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Novemba 2019. Alituagiza haya yasomwe bila kurembwa, na sisi wa nyumbani kwake tulioishi kwa mgao ule tumeyasoma vichwa chini.

Ameacha mjane, Bernadine, binti, Signe, na wajukuu wawili, Anders na Katya.

Mungu amtue mzigo wake, ampe pumziko.