Fundi Funika, Aliyeuzuia Mchanga

Ndugu, majirani, na mafundi mliofunga karakana zenu leo ili mje kukaa nasi, huyu tunayemsindikiza mlimzoea kwa jina la Fundi Funika, na familia imeomba atajwe kwa jina hilohilo, kwa sababu alilipata kwa jasho lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa baba mchimba visima na mama muuza mkaa, katika nyumba ya chumba kimoja kando ya barabara ya vumbi, ambako, kama alivyopenda kutania, alianza kula mchanga kabla hajaota meno. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, kisha akapelekwa kwa mjomba wake, fundi wa pikipiki, ambaye hakumpa spana bali brashi na petroli, akimwambia kwamba injini huoshwa nje mpaka ing'ae ndipo ifunguliwe.

Mwaka 1985 alifungua karakana yake mwenyewe, banda la mabati lisilo na ukuta upande wa barabara, na hapo ndipo jina lilipozaliwa. Kila alipong'oa kabureta aliziba tundu lake kwa kitambaa, kila alipotoa silinda alizungushia kitambaa kingine chini ya pistoni, ili hata klipu ndogo ikimponyoka isitumbukie tumboni mwa injini, na fundi mwenzake aliyeacha tundu wazi akaenda kupiga soga, alirudishwa kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, "Funika! Hiyo ni injini, si jalala!"

Vitambaa hivyo ndivyo vilivyomletea mke. Alikwenda kuomba mabaki kwa fundi cherehani wa jirani, akapewa, kesho yake akarudi kulalamika, "Dada, matambara yako yanatoa nyuzi, yataniulia injini ya mtu," naye dada akamjibu bila kuinua macho, "Kaka, unataka matambara au unatafuta sababu ya kurudi?" Walifunga ndoa tarehe 3 Septemba 1988. Mwaka uliofuata marehemu alisahau kitambaa cha kijivu ndani ya injini, ikagoma, akaifungua upya kwa aibu mbele ya mwenye pikipiki, na tangu siku hiyo mkewe alimshonea vitambaa vyekundu tu, vyenye pindo kila upande ili visitoe nyuzi, na mkia mrefu wa kuning'inia nje ili visisahaulike.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni seremala, wa pili ni binti aliyejifunza kazi pembeni ya baba yake mpaka alipojifungua mwaka jana, na kitinda mimba anafundisha chekechea. Nyumbani nako hawakupona, kwani ndoo zilifunikwa, sufuria zilifunikwa, na mgeni akigeuka kidogo kumsalimia mtu, alikuta chai ambayo hajaimaliza imeshavishwa kisahani.

Tarehe 3 Juni 2019, akiwa ameshusha injini ya pikipiki ya mkunga wetu, marehemu alipatwa na kiharusi, majirani wakambeba juu juu hadi hospitali, upepo ukivuma na injini ikibaki wazi mezani. Alipoweza kutamka neno, alimuuliza binti yake, "Nimefunika?" Binti hakuwahi kufunga injini peke yake hata mara moja, lakini mkunga alikuwa akiwafuata wajawazito kwa miguu, basi akamwachia mama yake mtoto, akaenda. Alikuta vumbi limelala kila mahali, hata spana hazionekani, ila kwenye kila tundu umening'inia mkia mwekundu. Aliondoa vumbi la juu kwa brashi, taratibu, akavuta kitambaa kimoja kimoja, na chini yake chuma kilikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa, ndipo akaifunga injini mwenyewe.

Tarehe 10 Juni mkunga aliileta pikipiki chini ya dirisha la wodi, ikaunguruma bila kukwaruza, marehemu akasikiliza, akatabasamu kwa upande mmoja, kisha akaonyesha kwa mkono wa kushoto kwamba izimwe, watu wamelala. Binti akamwinamia, akamwambia, "Ulifunika, baba. Yote." Alifariki tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani waliolinda banda lisilo na mlango, mkunga, na mafundi wote aliowapigia kelele wakamvumilia.

Baba, mchanga uliouzuia maisha yako yote, leo sisi hatuwezi kukuzuilia. Lakini mama amekushonea kitambaa chekundu, chenye pindo kila upande, na amekulaza nacho usoni. Pumzika kwa amani, Fundi. Tumefunika.