Koti la Daktari Lubaba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kliniki yetu ya wanyama, nawe Bi Fatemabai, nyanya wa huyu tunayemuaga, wazee wa Bondeni, ndugu wageni waalikwa, asalaam aleikum. Na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe.

Mimi ni Daktari Kahindi. Nimepewa kazi ya kumsifu Daktari Lubaba, ambaye kesho anakwenda Nairobi kuongoza utafiti wa maradhi ya ngozi ya mbwa. Nafasi hiyo niliiomba mimi pia. Mwenyekiti analijua hilo, na bado akanichagua niseme. Basi nitasema, na kijicho changu sitakificha, maana nyote mnanijua.

Wengi mmemwona Kiboko, mbwa mlinzi wa ghala moja kule Kilindini. Ngozi yake ilijaa usaha, manyoya yakamtoka, na kila dawa ya kuua bakteria niliyomdunga ikawa kama maji, kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea. Mwenye mbwa, Bwana Kadenge aliyeketi pale, alikuwa ameshakata shauri mnyama auawe apumzike. Ni mimi niliyemsihi angoje.

Hapo Lubaba akaja na chupa kutoka duka la manukato la babake, Mji wa Kale: mafuta ya karafuu na ya mchaichai, matone machache ndani ya mafuta ya nazi. Nikamuuliza, "Daktari, huyu ni mgonjwa au bwana harusi?" Akacheka, akaenda kuyapima kwanza. Kwenye sahani ya maabara tulimootesha vijidudu vya Kiboko, dawa yangu haikufanya kitu. Tone lake liliacha duara safi, vijidudu vyote vimekufa. Mlitaka nifurahi? Akawa anampaka Kiboko kila siku, manyoya yakaanza kurudi, ikabaki shingo tu haijapona.

Nikamtafutia kasoro. Kila akishalambwa na mbwa, Lubaba hunawa kwa maji na mchanga safi anaouweka kwenye bakuli kando ya sinki, kama dini yake inavyomtaka. Nikamwambia, "Ikiwa ni najisi, si ungetibu paka?"

Akanijibu taratibu, "Mimi nina sala, yeye ana kidonda. Twangojana tu, Daktari."

Jawabu hilo nalo nalionea wivu.

Ndugu zangu, kukosa cheo nitakuzoea. Linaloniuma ni Kiboko. Nimemtibu tangu mdogo, lakini siku hizi ananipita kama nguzo, anakwenda kunusa mlango wa Lubaba. Kuanzia kesho ni mgonjwa wangu, na jana nilipomshika shingo alinionyesha meno. Nisipompaka yale mafuta, vidonda vitarudi, na safari hii Bwana Kadenge hatangoja.

Daktari Lubaba, hongera, unastahiki. Nimelitamka, nanyi nyote mmenisikia. Nenda salama na uchukue kila kilicho chako, ila koti lako la kazi niachie, tena usilifue. Kesho asubuhi nitalivaa mimi, Kiboko alinuse kabla sijamshika shingo.

Nyote mlionipa masikio yenu, nawashukuru.