Bi Shangwe, Aliyewapandisha Watu Ghorofani

Tarehe thelathini ya mwezi huu Bi Shangwe anastaafu, baada ya kulitumikia jengo letu la maduka kwa miaka ishirini na sita. Jina lake halisi wanalijua watu wa mishahara tu. Sisi wengine tulimpa hili la Shangwe kwa sababu ukisikia shangwe humu ndani, chanzo ni yeye.

Alianza kwa kugawa vipeperushi langoni, akapanda hadi kuwa mkuu wa matamasha. Lakini tusimvike kilemba cha ukoka: tamasha lake la kwanza lilikuwa balaa. Aliweka jukwaa palepale mlangoni, akaleta wacheza sarakasi. Umati ulifurika, ukaziba maduka, na mwenye duka la viatu akashinda akitazama migongo ya watu bila kuuza hata kamba ya kiatu. Jioni alimjia juu. Bi Shangwe alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kosa. Tangu hapo kila mgeni wa idara yetu hufundishwa kwanza kwamba umati si wateja, na jukwaa huwekwa mahali ambapo mtu hafiki bila kupita madukani.

Somo hilo ndilo lililookoa ghorofa ya juu. Miaka ile huko kulipooza, uongozi ukaamua kuigeuza ghala, wapangaji wakapewa notisi. Aliyeumia zaidi ni fundi cherehani, mjane mwenye watoto wa kusomesha na asiye na pengine pa kwenda. Bi Shangwe aliomba Jumamosi moja tu ya kujaribu. Meneja akakubali, shingo upande.

Akaandaa maonyesho ya mavazi ya huko juu, na wanamitindo wakawa watu wetu wenyewe: mlinzi wa lango, dada wa usafi, na mama mkwe wa yule mwenye duka la viatu. Jukwaa likawekwa mwisho kabisa wa ghorofa. Saa nne ikafika, viti vitupu. Fundi akaanza kukunja vitambaa vyake. Hapo Bi Shangwe akawashusha wanamitindo wote hadi langoni, akawataka waanze kutembea kutokea huko, kwa madaha, ngoma ikitangulia. Watu wakaacha walichokuwa wakifanya, wakafuata. Ngazi zikajaa. Mama mkwe alinogewa, akakataa kushuka jukwaani mpaka apewe gauni la nne, na mkwewe akawa hajui aangalie wapi.

Siku ile fundi alipima watu mpaka mkono ukamuuma. Jumatatu notisi zikafutwa. Fundi alimfuata Bi Shangwe ofisini, akamwambia, "Nilishafunga mizigo, dada. Ningekwenda wapi?" Wakalia wote wawili, na sisi tuliokuwa tukichungulia tukalia pia.

Leo kule juu hakuna chumba kitupu, na watoto wa fundi wameshamaliza shule. Bi Shangwe ni mkali, tusifiche. Ukichelewa maandalizi, atakusema mpaka uione dunia chungu. Hata hilo tutalikosa.

Bi Shangwe, asante sana. Jumamosi ijayo tuna tamasha letu la kwanza bila wewe, na tunaogopa kidogo. Njoo, lakini njoo kama mteja. Ukikuta tumeweka jukwaa vibaya, jaribu gauni kwanza, ununue, ndipo utugombeze. Maisha yako yawe mema, mama yetu.