Fundi Ovahoo na Neno Lililotoka Melini

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Ovahoo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa mama mfua nguo na baba mlinzi wa ghala. Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Kiingereza chake, alisema mwenyewe, kilikuwa cha kuokoteza.

Julai 1969 aliingia gereji inayotazamana na kiwanda cha mbao, asitoke hadi alipostaafu. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ovahoo: kufungua injini nzima, kuitandaza turubaini, kukagua kila kipande, kisha kuirudisha. Alifundisha mafundi thelathini na wanane, naye alimweleza kila mmoja kwamba ovahoo inaitwa hivyo kwa sababu haifanyiki bila ovaroli.

Kwa maelezo hayohayo alimpata mama yetu, fundi cherehani. Alimwambia kazi yake imepewa jina na nguo anazoshona yeye. Mama akacheka. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976.

Mwaka jana, figo zilipoanza kumsumbua, bintiye mkutubi alimletea kamusi nene ya Kiingereza. Wakafungua penye neno overhaul, yaani ovahoo, akamfasiria. Kumbe neno ni la mabaharia! Walizivuta kamba za matanga kinyume ili zilegee, wazikague; baadaye likahamia kwenye mashine. Baba aliinuka akakaa kitako, macho yamemtoka, akataka asomewe tena, na tena.

“Miaka yote hii tumekuwa mabaharia,” alisema, “na gereji haina hata bomba la maji.”

Kisha akakumbuka wanafunzi wake. Mafundi thelathini na wanane amewapotosha. Na mama je, naye alimpotosha? Mama alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani: “Nilijua siku ileile, baba watoto. Nilitaka tu kuona utafika nayo wapi.”

Akaanza kupiga simu. Kila aliyempata alimfundisha upya, kicheko chake kikisikika hadi barabarani. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, simu ikiwa kifuani. Alikuwa amewapata thelathini na saba.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na fundi mmoja asiyepatikana kwa simu, tuliyemwita Kibiriti. Kibiriti, kama umefika, baba anasema hivi: si ovaroli, ni kamba za meli. Waambie na hao uliowafundisha wewe.

Kamba yake sasa imelegezwa. Apumzike kwa amani.